Nembo ya shule imeharibika kwenye fulana, je ninunue programu nyingine?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina mashine ya kudarizi ya sindano moja. Nimepata oda ya fulana za polo za shule, nembo nimetumiwa WhatsApp, ina zabibu katikati na maandishi yamezunguka kwenye duara. Nikaiingiza kwenye programu nikabonyeza ile sehemu inayogeuza picha yenyewe. Kwenye kioo ilikuwa nzuri kabisa, kuja kushona sasa: maandishi hayasomeki, duara limekuwa yai, kati ya rangi na ukingo kuna nafasi nyeupe, kitambaa kimejikunja na uzi unakatika kila saa. Kuna mtu ananiambia programu yangu ni ya kitoto ninunue kubwa. Ni kweli?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa oda. Usinunue kitu kwanza, hiyo hela kaa nayo. Ukichukua picha hiyo hiyo ukaipeleka kwenye programu ya mamilioni ukabonyeza kitufe kile kile utapata uchafu ule ule, labda umepangwa vizuri kidogo, maana kitufe hakijui kama unashona kwenye polo au kwenye turubai, hakijui zabibu ipi iko mbele na ipi iko nyuma, chenyewe kinaona rangi tu. Kudijitaizi ni kuamua uzi uanzie wapi, upite wapi, ulale upande gani na umalizie wapi, na hayo inabidi uyaamue wewe mwenye kitambaa mkononi.

Tuanze na picha. Picha ikitumwa kawaida WhatsApp inaibana, ivute karibu kwenye laptopu uangalie pembeni ya herufi, utaona madoadoa ya kijivu, zambarau iliyopauka, weusi ambao sio weusi. Jicho lako linapitiliza ila programu inayaona vizuri sana na kila kivuli inakihesabu kuwa rangi, ndo maana nina hakika faili lako lina vipande vidogo vidogo kibao visivyoeleweka na mashine inashona kidogo inakata uzi, inaruka, inakata tena. Mwambie mwalimu akutumie kama dokyumenti sio kama picha, au bora zaidi muulize bango la shule na kalenda walichapisha wapi, maana aliyechapa mara nyingi bado anayo ile ya CorelDRAW, programu ya kuchorea, au PDF yenye mistari kamili. Kwa hapa mjini hiyo ni simu moja tu. Wakisema hawana basi utachora upya, na kusema ukweli hata wakiwa nayo kuna vitu utavichora upya.

Ila kabla hujachora shika rula. Hapa ndo wengi wanapopaparukia kazi, wanaanza kudijitaizi kitu ambacho hakiwezi kushoneka kwa ukubwa huo hata akija fundi wa wapi. Nembo ya kifuani kwa mtu mzima huwa sentimita 8 au 9 hivi kwa upana, kwa watoto unapunguza. Tuseme yako ni 8. Mstari wa katikati wa yale maandishi ukiwa milimita 35 kutoka kitovu cha duara, mzunguko wake unakuja kama milimita 220. Kwa uzi wa kawaida, ule namba 40, herufi kubwa isishuke chini ya milimita 5 kwa urefu, na pamoja na nafasi yake ya pembeni inakula kama milimita 5 za mzunguko. Gawanya, unapata herufi 44. Duara zima, pamoja na nafasi kati ya neno na neno, linabeba 44 basi. SHULE YA SEKONDARI peke yake imeshakula 18, bado hujaweka jina la shule, bado wilaya, bado S.L.P, na hapo bado kuna kauli mbiu wanayoipenda kweli kweli. Haienei. Unaweza kushuka mpaka milimita 4 ukitumia uzi mwembamba namba 60 na sindano ndogo ya 65/9, ila ndo mwisho, chini ya hapo herufi A na R tundu zake zinaziba na unarudi kule kule kwenye maandishi yasiyosomeka.

Kwaiyo unarudi kwa mwalimu mkuu, na usiende mikono mitupu, nenda na kipande ulichoshona chenye jina la shule na wilaya tu vimekaa vizuri vinasomeka ukiwa umesimama mlangoni, afu na kile kilichojaa kila kitu. Akiviona vyote viwili mara nyingi anakubali S.L.P itoke, nani anamtumia mwanafunzi barua kwa kusoma fulana yake. Kauli mbiu kama wanaing'ang'ania iweke chini ya nembo kwenye mstari wake nje ya duara, hapo inapata nafasi.

Na kwa kuwa upo Dodoma nikuambie na hili kabisa maana litakuja, wale wateja wa ofisi za serikali za Mtumba watakuletea ngao ya taifa, bibi na bwana. Kwanza usiishone bila barua ya ofisi husika, nembo za taifa zina sheria yake. Pili angalia vilivyomo mle ndani: watu wawili wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya mlima, miguuni karafuu na pamba, kwenye ngao kuna mwenge, mkuki, shoka, jembe, bendera, mawimbi, afu utepe wa UHURU NA UMOJA. Hata ukiupa ule utepe sentimita 4, kila herufi inapata chini ya milimita 3 za upana. Kwa kifuani hiyo kazi mwambie mteja ukweli mapema, iwe kubwa, mgongoni kwa koti, au achapishiwe kwa njia nyingine.

Turudi kwako. Herufi usizifuatishe kutoka kwenye picha, kamwe. Kila programu ya kudarizi ina fonti zake ambazo tayari zimeshapangwa kimshono, kila mguu wa herufi unajua uzi uende wapi, wewe unaandika tu kwa kibodi afu unaizungushia kwenye mstari wa duara. Fonti haitafanana asilimia mia na ya kwenye bango, chagua iliyo karibu, nene nene, isiyo na vikia. Mkuu wa shule hatapima, anachotaka asome.

Sasa zabibu, hapo ndo penye utamu wa hiyo nembo na ndo kitufe kimekuangusha vibaya. Kwenye picha kila zabibu ina mng'ao mweupe, ina kivuli, ina ukingo mweusi, na zipo labda thelathini. Ndani ya duara lako umebakiwa na nafasi ya kama sentimita 5 na nusu, na kishada chenyewe ukikipa upana wa milimita 24 imetosha. Zabibu thelathini hapo zinakuwa punje za mtama. Wewe chora 10: safu ya juu 4, inayofuata 3, afu 2, afu 1, kila moja milimita 6 hivi, mviringo ulioelekea kuwa yai kidogo. Milimita 6 ni nzuri maana inaingia kwenye satini, ule mshono unaotoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kuchoma katikati, unaong'aa. Satini ikizidi milimita 7 inaanza kulegea na kunasa kwenye vitu, watoto wa shule wanavyocheza haichukui muda uzi unaning'inia.

Anza kushona za nyuma, malizia ya mbele, na kila inayokuja iipande ya chini yake kama milimita 1 tu, usizilalie nzima nzima maana pakiwa na tabaka tatu za satini sindano inavunjika. Ukingo mweusi wa zabibu ufute kabisa. Na ule mng'ao na kivuli usivishone, cheza na upande wa mshono: zabibu hii mishono ilale digrii 45, ya jirani 135, nyingine iwe mlalo, basi, uzi wa poliesta au rayoni unarudisha mwanga tofauti kila upande kwaiyo zambarau moja ile ile inaonekana kama zambarau tatu, na ukigeuza fulana juani zabibu zinabadilika. Hicho kitu picha haina na kitufe hakitakupa hata siku moja. Jani lifanye tatami, mshono wa kujaza, na mishipa ya jani pitisha mstari mmoja mmoja wa kijani iliyokolea au uache kabisa kama unataka kupunguza rangi.

Haya, kwa nini duara limekuwa yai. Uzi ukishonwa unavuta kitambaa ndani kwa upande ule mishono inakolalia, na ncha za kule juu na chini zinasukumwa nje. Ukiwa na duara limejazwa kwa mishono ya mlalo, upana unapungua urefu unaongezeka, ndo yai lako hilo. Kwenye programu ipo sehemu ya kufidia mvuto, inaongeza mishono kidogo kila upande. Kwa kitambaa kigumu kama drili milimita 0.2 inatosha, kwa polo inayovutika anza na 0.4 ushone uangalie. Na ile nafasi nyeupe kati ya rangi na ukingo ni ugonjwa huo huo, kitufe kimeweka ukingo uanzie pale pale rangi ilipoishia, kwenye kioo vimegusana ila kwenye kitambaa kila kimoja kimevutwa kwake. Rangi ya ndani ipitilize iingie chini ya ukingo kama milimita 1, na ukingo ushonwe mara tu baada ya rangi yake, usiuache mpaka mwisho wa kazi kitambaa kikiwa kimeshahama. Mpangilio wote uanzie katikati uende nje, ukianzia nje unasukuma wimbi la kitambaa kuelekea katikati na hapo ndo kinajikunja.

Kujikunja pia angalia mishono ya chini, ile inayotangulia kabla ya rangi yenyewe. Watu wanaizima wakidhani wanaokoa uzi. Ile ndo inayokikamata kitambaa na stabilaiza, ule utando unaouweka chini yake, viwe kitu kimoja kabla mzigo haujaja: kwa satini nyembamba mstari mmoja wa katikati, kwa satini pana mstari wa pembeni pamoja na zigizaga, kwa tatami mishono michache ya nafasi kubwa inayokatiza upande tofauti na wa juu. Na densiti iache kwenye 0.4. Kumbuka ile namba ni nafasi kati ya mshono na mshono, ikishuka ndo mishono inabanana zaidi, nimeona watu wakiona kitambaa kinachungulia wanaenda 0.25 afu wanashangaa fulana imekuwa ngumu kama ubao na uzi unakatika. Kitambaa kikichungulia ongeza mishono ya chini kwanza.

Kukatika kwa uzi sasa. Mashine nyingine ukiipunguzia nembo ukubwa pale pale kwenye skrini yake idadi ya mishono haibadiliki, kwaiyo faili la sentimita 10 ukilishusha 8 ile 0.4 inakuwa 0.32 bila wewe kujua. Badilisha ukubwa kwenye programu kwenye faili la asili, kwenye mashine usizidi asilimia 10. Pia kitufe kinazalisha vimishono vifupi vya chini ya nusu milimita, vifute, programu karibu zote zina sehemu ya kuchuja. Baada ya hapo kama bado unakatika ndo unaitazama mashine: badilisha sindano, fungua sehemu ya bobini, panapokaa uzi wa chini, upulize, na vumbi letu hili la miezi ya upepo mimi ningeifungua kila asubuhi. Geuza nyuma ya satini, uzi mweupe wa bobini uonekane katikati kama theluthi moja ya upana, rangi ya juu theluthi pembeni huku na huku. Ukiona nyuma hamna weupe kabisa uzi wa juu umelegea, ukiona weupe umetokeza mbele umekaza.

Kwa polo tumia stabilaiza ile ya kukatwa na mkasi, sio ile ya kuchanika. Ya kuchanika ni ya drili, kofia na vitambaa visivyovutika, kwenye polo ukishaichana nembo inabaki haina kitu cha kuishikilia na ikifuliwa mara mbili inajikunja upya. Kwenye fremu kitambaa kilale tu kikiwa kimenyooka, usikivute kama ngoma, ukikivuta ukaja kukitoa kinarudi kwenye saizi yake na mishono haiwezi kurudi. Sindano iwe ya ncha butu 75/11. Na msimu wa baridi wakikuletea masweta, juu yake weka ile plastiki ya kuyeyuka kwa maji, la sivyo herufi zinazama kwenye manyoya ya sweta hazionekani.

Kuhusu programu maana najua bado unaisubiria. Anza na Ink/Stitch, ni ya bure na halali, inakaa ndani ya Inkscape ambayo nayo ni bure, laptopu ya kawaida inaibeba. Inakulazimisha uchore, satini lazima uipe mistari miwili ya pembeni na vijiti vya kuonyesha uelekeo, mwanzoni utaichukia ila ndo inakufundisha kile kitu kitufe kimekuficha. Ina fonti zake na ina sehemu ya kuonyesha mshono mmoja mmoja kwenye kioo kabla hujashona, iangalie ile mpaka mwisho. Ukishapata kazi za kueleweka ndo ufikirie Hatch au Embird au PE-Design kama mashine yako ni Brother. EmbroideryStudio ya Wilcom, hao ni Waaustralia, ndo ipo kwenye karakana kubwa nyingi na ni nzuri kweli, ila bei yake ni ya mtu mwenye mashine ya vichwa sita vinavyoshona kutwa. Zile za kwenye flashi za elfu kumi achana nazo, sio dhambi tu, zinakuja na virusi na siku una oda ya kesho asubuhi haifunguki.

Faili hifadhi mara mbili, la kuchora ambalo unaweza kulibadilisha na la mashine. Brother inataka PES, Janome JEF, karakana za vichwa vingi watakuomba DST, na hiyo ya mwisho haibebi rangi, ikifunguliwa kule zabibu zinaweza kuwa za kijani na jani jekundu usipanik, waandikie tu rangi kwa mpangilio kwenye karatasi.

Bei. Nembo hii ukiifanya nilivyosema inaweza kuwa na mishono kama 8,000. Mashine ikienda 600 kwa dakika ni dakika 13 na ushee, na hapo hujabadilisha uzi. Wewe una sindano moja, kila rangi unasimama unatunga mwenyewe, kwaiyo rangi 6 kwa fulana 100 ni kutunga mara 600. Ukizishusha kuwa 4, zambarau, kijani, nyeusi na njano, umeokoa mara 200, na ndo maana nilikuambia mng'ao na kivuli usivishone. Fulana 100 kwa mashine tu ni kama masaa 22, panga na umeme humo ndani, na kabla ya yote jua kama mashine yako umeme ukikatika inakumbuka ilipoishia. Kazi ya kudijitaizi ichaji peke yake, mara moja, usiimeze kwenye bei ya fulana, mwakani wakirudi wanalipa kushona tu.

Zile zilizoharibika usizitupe. Geuza nyuma, pitisha wembe taratibu ukate nyuzi za bobini pekee, afu rudi mbele uvute uzi wa juu utatoka wenyewe vipande vipande, kata kwa nyuma tu, mbele usiguse. Polo itabaki na vitundu, pitisha pasi ya mvuke vinapungua, na pale ambapo havijafunga shona nembo mpya kwenye kitambaa cha drili kama beji, iwe kubwa kuliko vile vitundu kama milimita 5 kila upande, afu ibandike juu kwa kushona pembeni. Mteja wako akiipenda ile beji usishangae akataka zote ziwe hivyo, na kwa kweli kwa mashine ya sindano moja ni rahisi zaidi, unashona beji nne tano kwenye fremu moja, zambarau zote kwanza, ndo unabadilisha uzi.